Jinsi Adalbert Murhula Alivyochagua Multimetre Yake

Mwezi wa Machi mwaka 1976, Adalbert Murhula, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, alipigilia ubao mweupe juu ya mlango wa nyumba yake huko Cimpunda, mtaa mmoja wa Kadutu. Ubao ulisema: MURHULA, FUNDI WA UMEME WA NYUMBA. Jina la Adalbert halikuandikwa, kwa sababu miaka minne kabla ya hapo serikali ilikuwa imeamuru kila raia aache jina la ubatizo na kutumia lile la mababu. Lakini nyumbani, kanisani na barabarani watu waliendelea kumwita Adalbert, nami nitafanya vivyo hivyo.

Alizaliwa Nyantende, mtoto wa mkulima wa maharagwe na ndizi, akasoma miaka mitatu ya ufundi kwa Mabruda, kisha akafanya kazi miaka kumi na mmoja katika karakana ya Mgiriki mmoja mjini. Karakana hiyo ilifunga nyaya katika nyumba za Muhungu na kutengeneza mota za viwanda vya chai. Mwishoni mwa mwaka 1973, biashara za wageni zilipoondolewa mikononi mwao na kupewa wananchi, karakana ilipata mmiliki mpya, mzee mmoja mpole aitwaye Léopold, aliyekuwa karani maisha yake yote na ambaye hakujua tofauti kati ya fyuzi na swichi. Watu waliopewa biashara kwa namna hiyo waliitwa acquéreurs. Papa Léopold aliuza vitu vilivyokuwa kwenye rafu, akangoja rafu zijae tena zenyewe, nazo hazikujaa. Baada ya miezi kumi na sita alifunga mlango, akawapa wafanyakazi mkono mmoja mmoja, akaenda zake nyumbani.

Adalbert alitoka na vitu vilivyokuwa vyake: bisibisi mbili, koleo moja, na taa ya kupimia aliyojitengenezea kwa balbu ya wati sitini, kishikio chake na nyaya mbili. Matumizi yake hayakuwa na fumbo. Unagusisha waya mmoja hapa na mwingine pale, balbu ikiwaka, umeme upo, isipowaka, haupo. Mafundi wengi wa Kadutu walipima hivyo, na Adalbert aliamini kwamba yeye naye angepima hivyo mpaka uzee.

Si kila mtu alifurahia ubao ule. Xavier, kaka wa mke wake, alikuwa msimamizi wa shamba la mikwinini, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya malaria, upande wa Katana, na alikuwa amemwekea nafasi ya mlinzi wa ghala. Aliandika barua akisema angeitunza nafasi hiyo mpaka mwisho wa mwezi tu. Adalbert aliisoma barua, akasema kwamba hakujifunza umeme miaka kumi na minne ili alinde magome ya miti. Mke wake Colombe, mshonaji wa nguo, hakubisha. Ila barua yenyewe hakuitupa, aliiweka chini ya cherehani.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilitoka kwa Maman Eulalie, mjane aliyekuwa na parseli, yaani kiwanja, ya nyumba nne mtelemkoni, barabara mbili kutoka kwake. Nyumba ya mbele alikaa mwenyewe, na humo ndimo ilimokuwa mita pekee ya umeme. Nyumba tatu za nyuma zilikaliwa na wapangaji, nazo zilipata umeme kwa nyaya zilizovutwa kutoka kwake, kama ilivyokuwa desturi ya mtaa mzima. Katikati ya ua palikuwa na bomba moja la maji la watu wote.

"Robine yangu inauma batu, papa," alimwambia Adalbert siku ya Jumatatu asubuhi, akionyesha bomba. "Haiumi kila siku. Jana iliuma mukwe wangu Agathe. Juzi haikuuma mutu."

"Inauma saa gani, maman?"

"Saa yenye inataka."

Adalbert alipima kwa utaratibu. Ndani ya nyumba ya mbele taa yake iliwaka vizuri kati ya waya na waya. Kisha alipiga msumari mrefu katika udongo wa ua, akagusisha waya mmoja kwenye msumari na mwingine kwenye bomba. Taa haikuwaka. Alirudia mara tatu, tena mahali patatu tofauti. Haikuwaka. Ndipo alipotamka maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza.

"Maman, hii robine haina kitu. Inakuwa baridi ya maji tu, inashitua mukono."

Jioni ya siku hiyo hiyo Agathe alikwenda kuchota maji akiwa miguu mitupu, kwa maana mvua ilikuwa imenyesha na viatu vingekwama katika tope. Bomba lilimshika, likamtupa juu ya mawe. Kiwiko cha mkono kilivimba, na mkono mzima ulibaki umekufa ganzi mpaka asubuhi.

Jumanne Maman Eulalie hakumwita Adalbert; alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni pake, akasimama chini ya ubao.

"Siku ya Mungu banakuja wageni kutoka Kabare, kwa mambo ya ndoa ya binti yangu," alisema. "Batanawa mikono wapi? Pale pale. Unataka nizike shemeji za mutoto wangu mbele ya mahari kufika?"

"Hapana, maman. Nitatafuta."

"Utatafuta na ile taa yako, ile ampuli? Ilikuambia baridi ya maji." Alitazama ubao. "Mi nakupa mpaka siku ya posho. Kama hujapata, namuita mwingine, anakata kuran yote, umeme wote wa nyuma, na hii ubao nitaishusha na mukono yangu."

Siku ya posho, yaani Jumamosi, mkesha wa siku ya wageni, ilikuwa mbali kwa siku nne tu. Na maneno yalikuwa yamekwisha kushuka mtelemko mbele yake: Adalbert alipopita kwenda kununua chumvi, vijana waliokaa mbele ya duka walimsalimu kwa heshima kubwa, "Bonjour, fundi Baridi-ya-Maji." Alielewa kwamba hasara yake haikuwa kazi ya parseli moja. Mtu aliyeajiriwa akikosea, lawama huenda kwa tajiri wake. Mtu anayejitegemea hana wa kumwachia. Jina hilo likimganda, hakuna mama wa Cimpunda ambaye angemfungulia mlango, na mwisho wa mwezi angekuwa analinda magome.

Alikaa chini akafikiri kwa nini taa ilinyamaza. Akakumbuka jambo ambalo Mgiriki alikuwa akilirudia: kwamba taa ni chombo chenye kiu. Ili iwake, ni lazima inywe umeme mwingi. Mahali ambapo umeme unapita kwa shida, kama vile katika udongo, taa haipati cha kuitosha, basi hunyamaza. Lakini mwili wa mtu aliyelowa maji unaangushwa na sehemu ndogo sana ya kinywaji cha taa. Kwa hiyo swali halikuwa tena kama umeme upo au haupo. Swali lilikuwa upo kiasi gani, na kwa swali hilo alihitaji chombo chenye mshale na namba: multimetre.

Jumatano alfajiri alishuka mpaka Nyawera kwa Cyprien, fundi wa redio, ambaye walisoma pamoja darasa la kwanza. Cyprien alikuwa na multimetre nzuri kuliko zote nilizopata kuziona mjini humo wakati huo: uso mpana, mshale mwembamba kama unywele, na chini ya mshale kioo kirefu cha kumsaidia msomaji asikosee namba. Alikuwa ameahidiwa nyingine mpya na ndugu yake, akataka kuiuza hiyo.

"Ipeleke leo, ujaribu," alisema. "Lakini mbele ya saa kumi iwe hapa, niko na redio ya padri."

Adalbert alipima siku nzima. Kwenye bomba mshale haukutikisika. Lakini alipojaribu waya mmoja wa nyumba ya pili, waya ambao alikuwa ameufungua mwenyewe ncha zote mbili, hivyo haukuweza kuwa na umeme, mshale ulipanda mpaka volti sabini. Aliamini ameupata ugonjwa: mahali fulani juu ya dari waya huo uligusana na mwingine. Alitoboa dari ya mpangaji, akautoa waya wote, mita kumi, akaukagua kwa vidole kama mtu anayesali rozari. Ulikuwa mzima kabisa. Mpangaji alirudi akakuta vumbi juu ya kitanda na tundu juu ya kichwa.

"Fundi," alisema, "ugonjwa ulikuwa kwa robine. Juu ya nini unapasua kwangu?"

Saa tisa ilikuwa imepita. Adalbert aliurudisha waya mahali pake, akapima tena, na mshale ukasema sabini kama mwanzo. Akiwa bado juu ya ngazi, wazo lilimjia: alichukua taa yake akaigusisha palepale, pamoja na multimetre. Mara mshale ukaanguka mpaka sifuri. Ile sabini haikuwa na nguvu ya kupasha moto hata unywele mmoja wa balbu. Waya uliokufa, ukilala mita kumi kando ya waya ulio hai, hupata kutoka kwake kama harufu ya umeme. Na multimetre ya Cyprien, kwa kuwa ilitengenezwa kusikia minong'ono iliyo ndani ya redio, ilitangaza harufu kana kwamba ni chakula.

Alimrudishia Cyprien kabla ya saa kumi.

"Umeipenda?" Cyprien aliuliza.

"Iko muzuri kupita kazi yangu."

"Miye sijaona mutu anakataa mashini juu iko muzuri."

"Hii inasikia kila kitu. Mi niko na nyumba zenye fili tano, waya juu ya waya, zinalala pamoja juu ya dari. Itanidanganya kila siku. Taa yangu ni kiziwi, na hii yako iko na masikio makali kupita kiasi."

Cyprien alicheka, akaifuta vumbi la dari. "Basi enda utafute yenye iko mujinga kidogo."

"Ndiyo yenye natafuta," Adalbert alijibu, naye hakuwa anatania.

Alhamisi alizunguka soko. Valérie, mama aliyevusha bidhaa kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, alikuwa na multimetre mpya ya mfukoni, nyekundu, ya kupendeza. Adalbert aliipindua, akaitikisa, akasoma uso wake. Namba za umeme wa nyumba ziliishia mia mbili na hamsini. Na kwenye nguzo, kati ya waya na waya, mtu hukutana na mia tatu na themanini. Nyaya zake za kugusisha zilikuwa nyembamba kama kamba za viatu vya mtoto, na ncha za chuma zilikuwa zimeachwa wazi urefu wa kidole kizima, kiasi kwamba kuteleza mara moja kungeunguza mkono wa mshikaji.

"Fundi hana hata chombo," Valérie aliwaambia majirani zake wa soko, "na anachagua kama bibi-arusi."

"Bibi-arusi akikosea anarudi kwao, maman," alisema Adalbert, akairudisha ndani ya sanduku lake. "Miye nikikosea, nakufa."

Alipokuwa akipanda kurudi Kadutu alijiuliza waziwazi anahitaji nini. Mshale usiodanganywa na harufu. Namba zinazofika mia sita. Nyaya nene. Sanduku linaloweza kuanguka kutoka juu ya ngazi. Na tena, chombo ambacho hakidaiwi na mtu saa kumi. Maana Maman Eulalie alikuwa amesema bomba linauma saa linayotaka, na Agathe aliangushwa jioni, ilhali yeye, mara zote mbili, alikuwa amepima mchana. Akasimama palepale njiani. Chombo cha namna hiyo alikuwa amekishika miaka kumi na mmoja. Ilikuwa multimetre ya karakana, nyeusi, nzito kama tofali, yenye mkanda wa ngozi. Na alijua mahali ilipo. Wafanyakazi wote walijua. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, sebuleni kwa Papa Léopold.

Alifika huko saa kumi na moja na nusu. Multimetre ilisimama kati ya maua ya plastiki na picha ya ndoa, imepanguswa vizuri. Papa Léopold alimkaribisha kwa moyo, wakazungumza habari za watoto, ndipo Adalbert aliposema shida yake.

"Ile?" Papa Léopold aliigeukia. "Ile siuzi, mwanangu. Wageni wananiuliza, papa, hii ni saa ya namna gani? Nawaambia, hii si saa, hii ilikuwa ya atelie, karakana yangu. Bila ile, nani atajua nilikuwa patron, mukubwa wa kazi?"

"Papa, kwa mwaka mzima haijapima kitu."

"Na miye pia," alisema mzee, akatabasamu kidogo. "Tunakaa wawili."

Adalbert hakusimama kuaga. Alikuwa amegundua kitu tangu alipoingia: frigo, yaani jokofu, iliyokuwa pembeni ilinguruma, ikatetemeka, ikanyamaza, na baada ya dakika chache ikaanza tena. Aliuliza tangu lini inafanya hivyo. Mama Clémence, mke wa Papa Léopold, alijibu kutoka jikoni kabla ya mumewe.

"Tangu Noeli. Asubuhi inatembea. Magaribi inalia kama mugonjwa. Maziwa yote inaharibika."

"Papa, nipe ile chombo kwa dakika kumi. Nitaipima hapa mbele ya macho yako. Kisha nairudisha pale pa maua."

Mzee alikubali, kwa udadisi zaidi kuliko kwa wema. Adalbert alizungusha skrubu ndogo iliyo usoni mpaka mshale ukalala juu ya sifuri kamili. Alipima kwenye mita ya mlangoni: mia mbili na tano. Alipima kwenye soketi ya frigo: mia moja na sitini. Akamwita Papa Léopold asome mwenyewe.

"Hapa mia mbili na tano. Pale mia na makumi sita. Zingine zimeenda wapi?" aliuliza mzee, kama karani aliyekuta hesabu haisawazishi.

"Zimepotea hapa katikati, ndani ya nyumba yako."

Aliufuata waya kwa mshale, hatua kwa hatua, mpaka juu ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu alikuwa amesokota waya mbili pamoja na kuzifunika kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimeungua rangi ya kahawa. Adalbert alizima umeme, akakata ncha mbovu, akaunganisha upya kwa kibano cha skrubu, akawasha. Mshale ukasema mia mbili na mbili penye frigo, nayo ikaanza kunguruma polepole bila kutetemeka, kama paka.

Papa Léopold alitazama frigo, akatazama multimetre. Adalbert alisimama na chombo mikononi, hakukiweka chini.

"Nikikupatia," mzee alisema mwishowe, "pale juu nitaweka nini?"

"Weka chupa ya maji ya baridi, wageni bakunywe," alisema Mama Clémence. "Miye mwaka muzima napangusa ile kitu. Apeleke."

Ijumaa asubuhi Adalbert aliifungua nyumbani. Betri za ndani zilikuwa zimetoka maji na kuota ukungu wa kijani. Alizitupa, akasafisha kwa siki na kitambaa, kwa maana kupima nguvu ya umeme wa nyumba hakuhitaji betri. Nyaya za kugusisha zilikuwa zimepasuka ngozi. Hakutaka kuzifunga kwa utepe. Colombe alikuwa na pasi ya umeme iliyokufa, yenye kamba nene ya mpira na kitambaa. Akaikata, akatengeneza nyaya mpya, akazivisha ncha mipira mpaka ukabaki wazi upana wa punje ya mchele tu. Kabla ya mchana alirudi katika nyumba ya pili ya Maman Eulalie, akapima ule waya uliokufa uliomdanganya Jumatano. Mshale mzito uliinuka kidogo sana, ukalala. Aliridhika. Sasa alikuwa na chombo ambacho kingesema jambo pale tu lilipokuwapo.

Saa kumi na moja jioni alipiga msumari karibu na bomba, akafunga waya mmoja kwenye msumari na mwingine kwenye bomba lenyewe, akaweka multimetre juu ya tofali, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Mshale ulionyesha sifuri. Akangoja. Wapangaji walirudi mmoja mmoja. Watu wa parseli za jirani walikuja kuona mtu mzima akilitazama bomba.

"Anangoja nini?"

"Anangoja robine iseme pardon."

"Fundi, ukiona maji imepata joto, utuambie."

Adalbert hakugeuka. Saa kumi na mbili na dakika kumi mshale uliruka mpaka themanini, ukakaa hapo.

"Mutu asiguse robine," alisema bila kupaza sauti. "Na kila mutu abakie vile iko. Sasa hivi, nani amefanya nini?"

Mmoja alikuwa amefunga mlango. Mmoja alikuwa amewasha makaa. Katika nyumba ya tatu, Edouard, mpiga pasi wa dobi mmoja mjini, alitoa kichwa dirishani.

"Miye nimewasha ampuli tu."

"Uzime."

Mshale ukalala.

"Uwashe."

Themanini. Alimwamuru hivyo mara tano, na katika mara ya tatu kicheko cha watazamaji kilikuwa kimekwisha. Edouard alitoka nje akiwa na uso wa mtu aliyeshitakiwa.

"Hata ile ampuli iko mugonjwa, papa. Inawaka nyekundu tu. Tangu balitengeneza maji, mwezi wa kwanza."

Adalbert aliingia katika nyumba ya tatu akaelewa kila kitu kwa kuhesabu. Kila taa hutaka waya mbili, mmoja wa kuleta umeme na mwingine wa kuurudisha. Hapa uliingia mmoja tu. Wa pili ulitoka kwenye kishikio cha balbu, ukashuka ukutani, ukatoboa chini, na nje ya ukuta ukawa umezungushiwa bomba la maji. Fundi wa zamani, kwa kubana matumizi, alikuwa amelifanya bomba kuwa njia ya kurudia. Kwa miaka miwili hakuna aliyeumia, kwa sababu bomba la chuma lilikwenda chini ya ardhi moja kwa moja mpaka barabarani, na umeme ulipotelea huko. Mwezi wa kwanza bomba lilioza. Fundi wa maji alikata mita mbili za chuma akaweka plastiki. Umeme wa Edouard ukazuiliwa. Kila alipowasha taa, njia iliyobaki ilikuwa kipande kifupi cha chuma, bomba la uani, na mtu yeyote aliyelishika akiwa miguu mitupu.

Maman Eulalie alielezwa mbele ya watu wote. Alishika kiuno.

"Yule fundi alisema fili moja inatosha. Alisema chuma ni chuma."

"Na miye, maman, nilisema baridi ya maji," alisema Adalbert. "Nilikosea. Agathe alianguka kwa makosa yangu, si ya yule peke yake."

Watu hawakuwa wamezoea kumsikia fundi akisema hivyo. Maman Eulalie mwenyewe alilegea kidogo.

"Basi, imekwisha. Edouard hatawasha ampuli siku ya Mungu, wageni batanawa, batakula, bataenda. Utapata feza yako, makuta yote. Ubao ibakie."

Hapo alikuwa amepewa kila alichokitaka, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kukipokea. Edouard alikuwa amekwisha kuitikia kwa kichwa.

"Hapana," alisema Adalbert. "Kesho yake ataisahau, atawasha. Mi napitisha fili ya pili mpaka kwa mita, ama nakata ile ya kwanza leo, mbele ya kwenda."

"Mita makumi mawili ya fili, papa? Wiki ya mahari?"

"Mita makumi mawili na mbili."

"Iko mugumu kama mawe, huyu," Maman Eulalie aliwaambia watu. Lakini Adalbert alikuwa amekwisha kutoa koleo, na alikuwa anatembea kuelekea ukuta wa Edouard. Alikata. Edouard alilala kwa mshumaa usiku ule, na asubuhi Maman Eulalie alishuka Nyawera mwenyewe kununua waya, akinung'unika njia nzima.

Jumamosi saa tisa alasiri kazi ilikuwa imekamilika. Taa ya Edouard iliwaka nyeupe mchana kweupe. Adalbert aliweka multimetre juu ya tofali, akapima: sifuri. Akazungusha kitufe mpaka kipimo kidogo zaidi, akapima tena: sifuri. Aliwaonyesha. Walitazama mshale, wakatazama bomba, na hakuna aliyesogea.

"Ule mushale hauna ngozi," alisema Maman Eulalie. "Gusa weye."

Adalbert alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia katika tope chini ya bomba, akalowesha mikono, akalishika kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akaona haya.

"Labda imemukamata, hawezi kuachia," mtu mmoja alisema nyuma.

"Haijanikamata."

"Angesema nini kingine, masikini."

Agathe alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Alichukua ndoo kwa mkono wa kushoto, akashuka ngazi za udongo akiwa miguu mitupu, akafika mpaka penye tope.

"Toka, papa," alimwambia. "Unaziba maji."

Adalbert alijitenga. Agathe aliweka ndoo chini. Alifungua kitambaa kwa meno, akakitupa begani, kisha akalishika bomba kwa mkono uleule ulioumia, akalifungua. Maji yalitoka. Hakuuondoa mkono mpaka ndoo ilipojaa hadi kumwagika, akafunga, akajitwisha, akapanda kurudi ndani. Ndipo wanawake wengine wakaenda kuchukua ndoo zao, na mstari ukapangika mpaka mlangoni kwa Edouard.

Maman Eulalie alimsogelea Adalbert aliyekuwa bado anatafuta soksi yake ya pili.

"Siku ya kwanza ya juma, wageni bakiisha kwenda, uje kuangalia na ndani ya nyumba yangu," alisema. "Na dada yangu Constance, iko Muhungu, naye anataka."

"Nitakuja asubuhi, maman," alijibu Adalbert, akivuta mkanda wa multimetre begani. "Na magaribi nitarudi tena, batu bote bakiwa nyumbani."